Sarafu ya Dakika Mbili

Ukitaka kuiona, sharti ulipe:
sarafu moja kwenye kisanduku cha bati,
tak, taa inawaka, dakika mbili,
kisha picha inarudi gizani
kama konokono kombeni.
Ersilia alikuja na sarafu kumi na moja.
Nilimshikia mimi, kamera begani,
viatu vimelowa mvua ya Napoli.

"Usiwatazame wao," akaninong'oneza.
"Tazama wanakotazama."
Mjane na wanawe watano wamezunguka meza,
kila jicho limeelekea katikati,
na katikati hapana kitu.
Kiti. Weusi.
Mchoraji ameacha shimo
pale ambapo mimi ningeweka uso.
Mwanga umegusa ganda la mkate, sikio moja,
kifundo cha mkono wa mtoto anayejizuia asiombe,
basi. Mengine kayafungia kabatini.

Sarafu zikaisha. Hatukuondoka.
Sabatino, fundi taa wetu, tumbo likimnguruma,
akauliza kama makanisa yote yana ubahili huu.
Ndipo mzee Liborio akaja na funguo zake,
akatukuta gizani kama wadeni waliojificha,
akainua kidole, hakusema neno.
Dirisha.
Juu, kushoto, dogo, lina vumbi la miaka.
Mvua ilikuwa imekatika. Saa nne kasorobo
jua likapenya upande ule ule
linakotokea ndani ya picha,
likashuka ukutani bila haraka,
likampata mtoto. Likampata mkononi.
Tangu umeme uletwe watu wanatia senti
kununua kitu ambacho kingekuja chenyewe,
laiti wangeketi.

Jumatatu, jikoni kwa marehemu,
ghorofa ya nne, ngazi zinanuka klorini.
Onyesho la thelathini na mbili:
ndugu wawili wanagawana vyombo vya mama yao.
Sabatino ametundika taa tisa, anajivuna.
"Zima," anasema Ersilia.
"Na ile. Na ile ya nyuma pia."
Tukaigeuza meza, dirisha likawa kushoto.
Kiti cha mama tukakiacha kati,
kikameza giza lote la chumba.
Kipima mwanga kikaniambia: haitoshi.
Nikakitia mfukoni.

Ruggero, anayeigiza kaka mkubwa,
hakuna aliyemwelekeza,
akanyoosha mkono kuchukua kikombe chenye ufa
na mkono ukaingia kwenye mwanga
peke yake, bila mwenyewe,
ukasita.
Nilisahau kupumua. Ukali wa picha ukaniponyoka
unywele mmoja, labda miwili.
Nilisema turudie. Ersilia alikataa.

Usiku mtayarishaji akapiga simu kutoka Roma,
amekwisha kuona vipande vya siku:
sioni kitu, mama yangu, sioni kitu,
nimelipia taa tisa, mbona kiti ni cheusi?
Ersilia alikuwa anamenya chungwa.
"Tia sarafu," akamwambia,
akakata simu.