Karani wa Mizani

Shairi hili halina mizani.
Mnisamehe, ninyi mnaohesabu silabi kwa vidole:
mizani niliishika miaka sita
kwenye ghala la ushirika pale Chikundi,
najua ilivyo rahisi kuifundisha uongo.

Nati moja tu, ya trekta bovu,
niliifunga kwa waya nyuma ya jiwe lake.
Kila gunia la korosho likapoteza kilo mbili
kabla mwenyewe hajafuta jasho.
Kilo mbili ni nini? nilijiambia.
Panya hula zaidi.
Na Jumapili nilisimama safu ya pili, besi ya kwaya,
nikiimba Bwana utuhurumie
kwa sauti iliyoshiba.

Mama Onorata Chitanda alileta magunia manne
msimu ule mvua ya kupotea ilipopukutisha maua.
Nikaandika. Akaitazama karatasi,
akanitazama,
akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.
Hakusema neno.
Kule kutosema ndiko kulikonifuata nyumbani,
kukalala kati yangu na ukuta.

Sikuutafuta msamaha. Nilitafuta usingizi.
Nilijaribu uraka, nikajaribu novena,
nikahamia Nachingwea, nikarudi.
Jumatano ya Majivu padri alinichora paji la uso,
kumbuka u mavumbi,
nami nikawaza: mavumbi nayo yana uzito wake,
nani aliyapima?

Kwenye kitubio nilianza na madogo:
matusi, uvivu, kuku wa jirani,
hadi madogo yakaniishia.
Upande wa pili wa kitambaa Padri Kolumbani alikohoa.
Nikasema: nati.
Akauliza: nati gani?
Nikalia kama mtoto aliyebanwa kidole mlangoni.

Aliniondolea palepale, wala hakuuliza ni kilo ngapi.
Kisha akasema: Mungu amemaliza na wewe.
Mama Onorata bado.
Nenda.

Baiskeli nilikwisha kuiuza;
mkokoteni wa kukodi ulibeba magunia mawili.
Nilimkuta uani anabangua.
Moshi wa maganda huchoma macho, kwa hiyo
hatukujua nani analia.
Nilisema yote, hata namba ya stakabadhi.
Akajibu bila kuinua uso:
"Nilijua. Nina debe langu.
Miaka mitatu nilimwomba Mungu auvunje mkono wako.
Wa nne nikachoka kuubeba, huo mkono.
Kaa."

Akanipa jiwe.
Tukabangua hadi jua likapinda,
mafuta ya maganda yakanichuna vidole,
ngozi ya zamani ikajitoa vipande vipande.
Haikuuma nilivyostahili.

Nilipoaga alichota korosho kwa kikombe cha bati,
akanimiminia kwenye kofia.
Nikasema: imetosha, mama.
Akachota tena, zikamwagika mchangani,
kuku wakaja mbio.
"Ile ilikuwa ya kazi," akasema.
"Hii nyongeza."

Nimetembea na neno hilo hadi mtoni Lukuledi.
Nyongeza:
mkono unaorudi kwenye fungu
baada ya hesabu kufungwa,
kitu kisichoandikwa popote,
kisichokatwa ushuru,
ambacho karani yeyote angekiita hasara.
Kumbe ndicho nilichokuwa nikikiimba miaka yote,
safu ya pili,
sijakionja.

Nati ninayo bado. Sikuitupa mtoni
kama nilivyodhani ningefanya;
inashikilia bawaba ya banda la mbuzi, na inashika vizuri.

Mkesha wa Pasaka, katikati ya mishumaa,
padri alipita akinyunyiza maji.
Yaliangukia vidole vyangu vipya,
vyekundu kama vya mtoto wa juzi,
vikawasha.
Nikaviacha viwashe.