Tumbo la Datsun

Juu inang'aa. Hata Mlima Meru
umejitazama kwenye boneti leo asubuhi.
Rangi ya chungwa lililoiva, toleo la sabini na mbili,
milango miwili, pua ndefu ya mtu anayejua uzuri wake.
Bwana Gurnam ameifuta kwa fulana yake mwenyewe.
Nikamwambia, asante, sasa isogeze juu ya shimo.
Mficha uchi hazai.

Chini ni habari nyingine.
Oili ya miaka imegandamana na vumbi,
nimekwangua ukoko kwa bisibisi hadi chuma kikapumua.
Hapa sampo, laini kama utosi wa mtoto.
Hapa paipu ya breki, nyembamba kama mrija wa soda.
Na kule nyuma tangi la petroli, limening'inia
kama mtu aliyekalia ukingo wa kitanda cha wenyewe.
Gari hili lilitengenezewa watu wenye lami.

Na Jumamosi linakwenda Oldonyo Sambu,
huko mawe yaliyotemwa na moto wa zamani
yamebaki barabarani, vichwa nje,
kama watoto wanaochungulia harusi.

"Weka chuma, Nambua. Kizito. Milimita nane."
Bwana Gurnam, nikasema, ukimvika mkimbiaji gunia la saruji
hataumia, kweli,
wala hatafika.
Akashika ndevu, akacheka, akaenda kuagiza chai.

Tukapima kwa kadibodi ya boksi la sabuni.
Tukakata alumini ngumu, milimita sita.
Loishiye akakunja mdomo wa mbele uelekee juu
kama ulimi wa ng'ombe anayefuata magadi,
ili jiwe likija likute mteremko, si ukuta.
Vichwa vya bolti nimevizamisha ndani ya bamba:
kichwa kinachojitokeza ndicho jiwe hukitafuta,
na hapa Unga Limited ni hivyohivyo.
Paipu za breki zimehamia ndani,
zinalala kando ya mguu wa msoma ramani.
Chini ya tangi tumefunga mpira wa mkanda
uliobeba mahindi kiwandani miaka ishirini kabla haujakatika.
Bado unanuka unga.

Loishiye alifurahi. Bamba zima,
hata sisimizi hana pa kupita.
Nikampa drili.
Alinitazama kana kwamba nimemtuma
akatoboe bati la nyumba ya mama yake.
Toboa hapa, usawa wa nati ya kumwagia oili.
Toboa na pale, tope litoke, joto litoke,
injini isijipike yenyewe.
Kinga isiyo na tundu, mwanangu, ni sufuria.
Niliwahi kuolewa na bamba la aina hiyo.
Tuendelee.

Jumapili, watu wakitoka ibadani,
wakairudisha ikiwa na tope hadi kwenye vioo.
Hawakushinda. Klachi iliungua zikiwa zimebaki kilomita tisa,
wakavutwa na trekta la mkulima wa maharage
aliyedai elfu thelathini na picha.
Bwana Gurnam alizunguka gari akihesabu michubuko ya rangi,
akiomba radhi, sijui ananiomba mimi au gari.

Mimi nilikwisha shuka shimoni na tochi.

Katikati ya bamba, bonde.
Kutoka hapo, mchirizi mweupe hadi nyuma,
kama barua ya mtu aliyeitwa kabla hajamaliza salamu.
Nikachungulia kwa tundu la Loishiye:
juu ya bonde, nafasi ya kidole kimoja,
halafu sampo.
Kavu.

Loishiye akaja na nyundo ya kunyooshea.
Nikamwambia aiweke chini kwanza.
Nikavua glavu,
nikaingiza ngumi yangu pale jiwe lilipopiga.
Ilienea.