Ukurasa wa Nne

Muhindo anachonga chukudu, Ndosho,
mikaratusi mizito, magurudumu yamevikwa mpira mkuukuu.
Mimi ndiye niliyemwandikia mtandaoni:
"Suluhisho la kisasa la usafirishaji wa mizigo."
Miezi saba tukalala ukurasa wa nne,
huko hata anayekudai hafiki.

Siku moja umeme ulikatika.
Nimekaa juu ya jiwe la lava, nikamsikia mteja simuni:
"Chukudu ya magunia sita, ngapi?"

Usiku nikafuta suluhisho. Nikafuta kisasa,
ingawa nilikipenda.
Nikaandika: chukudu, magunia sita, Goma, bei.
Hata picha nikaipa jina lake.

Mvua za mwezi mzima zikapita.
Leo tuko wa tatu kutoka juu.
Muhindo, vumbi la mbao kwenye kope,
anauliza mbona simu haipoi,
na kama kuna mtu nimemhonga.