Gunia Tupu

Uyole, Julai. Baridi imeingia hadi kwenye vitufe,
napuliza vidole ndipo niandike.
Nje ya dirisha la chama limeegeshwa Fuso
lenye viazi vya Isongole na tope la Isongole.

Aliingia Subilaga Mwakalobo, kitenge cha pili begani,
na salamu zake siku hiyo zilikuwa fupi.
Akaweka mezani daftari la shule la mjukuu,
kurasa za nyuma, penseli, vijiti vitanovitano,
kisha risiti mbili, akazilaza ubavu kwa ubavu
kama mtu anayelinganisha viatu.
"Magunia arobaini na moja. Hii yasema hivi, hii yasema vile.
Kijana, kompyuta yako ina vinywa vingapi?"

Saba, mama. Sikumwambia.
Faili la mapokezi, la malipo, la ushuru, la ghala,
la mikopo ya mbolea, la ripoti ya mwezi,
na moja nililoandika usiku, umeme ukikatikakatika,
ambalo hata mimi sijui linafanya nini.

Mwaka juzi gunia lilikuwa la katani.
Likiwa tupu lina kilo moja; tukakubaliana kupunguza moja.
Nikaandika 1. Hapa 1, na pale 1,
kila faili na 1 yake, uchi, bila jina.
Machi kikao kikaamua: sasa ni nailoni, punguzeni robo.
Nikabadili mapokezi. Nikabadili ghala.
Mtu akaniita chai.

Robo tatu ya kilo, mara arobaini na moja,
mara shilingi mia sita:
elfu kumi na nane, mia nne na hamsini.
Bei ya chai ile.

Usiku nikarudi kuisaka. Tafuta 1, nikaiamuru mashine,
ikaniletea mia tatu na kumi na mbili.
1 ya ukurasa wa kwanza. 1 ya sahihi ya mhasibu.
1 ya mwanachama namba moja, marehemu Ambakisye,
ambaye nikibadili kwa pupa atabaki robo ya mtu.
Zote zimesimama wima kama njiti za kiberiti,
hakuna inayosema imetoka wapi, inamlisha nani.
Nambari isiyo na jina ni mgeni aliyelala sebuleni:
asubuhi kila mmoja anadhani ni wa mwenzake.

Nikafungua faili jipya, nikaliita Vipimo.
Mstari mmoja tu:

GUNIA_TUPU = 0.25

na pembeni maelezo: kikao cha Machi, nailoni, si katani.
Kisha nikapita faili kwa faili nikizing'oa zile 1,
si zote, zile tu zilizokuwa gunia,
na kila shimo nikaliachia agizo:
usikariri. Nenda Vipimo ukaulize.

Usingizi haukuja, hata hivyo.
Jana nilimkosea Subilaga peke yake.
Tangu leo kidole kikiteleza nitawakosea wote,
asubuhi moja, kwa usawa kamili.
Nikaisoma robo ile kwa sauti, mara nne,
chumbani peke yangu, moshi wa pumzi ukitoka nayo.

Alirudi. Akalipwa. Akahesabu noti, akazihesabu tena,
akalinganisha risiti mpya, ubavu kwa ubavu,
halafu akainama hadi miwani ikakaribia kugusa kioo.
"Humo ndimo mnamoweka visivyobadilika?"
"Humo, mama."
"Na kila faili linakuja kuuliza humo?"
"Kila faili."
"Basi na bei iandike humo. Mia sita.
Iandike kwa herufi kubwa kama hizo."

Nje dalali alikuwa amepanda ngazi ya Fuso, simu sikioni,
anasema mia nne na themanini, anasema soko limelala.
Subilaga alimsikia. Nami nilimsikia.
Hakuondoa macho kwenye kioo.
Chini ya GUNIA_TUPU kishale kilikuwa kinapepesa,
mstari wa pili, mtupu.