Kopo la Rafu ya Juu

Jumanne saa nne, mvua ya Valdivia ikigonga bati,
nilimpigia Bi Edelmira Cheuquemán, kisiwani Lemuy.
Kwanza nikaona dari. Kisha pua. Kisha jiko la kuni
na birika jeusi likinifokea mvuke
kama mgeni aliyechelewa.
"Simu iegemeze kwenye gunia la viazi, Bi Edelmira.
Rudi nyuma. Tena kidogo. Hapo."

Miaka kumi na tisa nimetibu kwa vidole.
Nyama huniambia asilolisema mgonjwa:
hapa pamekaza, hapa panaogopa,
hapa pana jambo la zamani.
Sasa mikono yangu imelala mezani, mitupu,
kama glavu zilizosahauliwa na mwenyewe,
nami nahesabu kwa mdomo.

"Inua mkono wa kulia, polepole, mpaka pale unapokataa."
Ukakataa chini ya kidevu.
Ukakataa, naye akatabasamu, maana ndivyo alivyolelewa:
mgeni haonyeshwi kilio, hata mgeni wa kwenye kioo.
Nikaacha kuutazama mdomo. Nikatazama miguu.
Ndani ya soksi za sufu vidole vilikuwa vimejikunja,
vimeishika sakafu isimponyoke.

Siku hiyo mtandao ulikwama mkono ukiwa hewani.
Picha iliganda. Bega nalo limeganda tangu Januari.
Niliendelea kuhesabu, sita, saba, nane,
nikimhesabia mtu ambaye pengine
alikwisha kuketi, anakunywa chai.

Wiki ya tatu nikaliona kopo.
Kliniki yangu haina rafu za mtu,
haina paka, haina koti la marehemu nyuma ya mlango.
Lakini pale, juu kabisa, karibu na boriti,
kopo la sukari, jekundu, limechubuka.
"Nani aliliweka huko?"
"Eliseo. Alikuwa mrefu."
"Basi lishusheni, Bi. Likae mezani."
Kimya. Nikadhani tumekatika tena.
"Kopo linakaa pale," akasema.

Haya, pale.
Nikauweka kando mpango wangu wenye michoro na mishale.
Asimame uso ukutani, vidole viwili viparamie mbao
kama buibui mzee asiye na haraka,
na vikigoma, achore mstari kwa kipande cha mkaa.
Mjukuu wake, Yanira, akawa ndio mikono yangu:
"Bonyeza nyuma ya bega, chini ya mfupa. Pagumu?"
"Pagumu kama jibini ya mwaka jana."
Nikacheka. Chuo kizima
hakikunipa kipimo bora kuliko hicho.

Kuna wiki mstari haukupanda.
Kuna wiki ulishuka, maana alikuwa amechimba viazi
akaniambia hakuchimba,
na udongo bado uko kwenye kucha.
Sikumgombeza. Kuja kwangu ni kivuko,
mabasi mawili, na usiku wa kulala kwa binamu
asiyempenda. Viazi havingoji.
Na mimi nisiyeweza hata kumpangusa jasho
ningemgombeza kwa cheo gani?

Agosti. Ukutani mistari kumi na saba,
mmoja umefutwa na paka.
"Subiri," akasema, akamwambia Yanira
asiisogeze simu hata kidogo.
Nikauona mkono ukipanda: kidevu, sikio,
ukatetemeka, ukapumzika, ukapanda tena,
kiwiko, kifundo, kisha vidole vikatoka
nje ya picha, huko juu nisikofika.

Nikabaki na ukuta na mkaa wake,
na visigino viwili vya sufu vikiinuka sakafuni.
Mikono yangu, sijui saa ngapi,
ilikuwa imenyanyuka yenyewe kutoka mezani.

Kisha nikasikia kifuniko.