Taulo Juu ya Maandishi

Ijumaa, cherehani zikishanyamaza kule chini,
Peizhen hupanda ngazi na vipande vya uzi nyweleni.
Havui hata viatu. Huchukua taulo la vyombo,
lile la mistari ya buluu,
akalibandika kwa utepe wa gundi
chini ya kioo cha runinga,
pale maandishi ya Kiitaliano yanapopita.
"Macho yapumzike," husema. "Leo zamu ya masikio."

Watoto hulalama kama waliozibiwa dirisha.
Nami nalalama, ila kimoyomoyo:
miaka kumi na miwili ya ndoa
na Kichina changu hakijazi kikombe.

Tamthilia ni ya jiko la mfalme.
Binti kajifanya mwanamume ili ashike mwiko.
Vipindi sitini na vinne,
na katika kila kipindi mtu analishwa sumu.
Nani? Hapo ndipo ugomvi unapoanza.
Kila mmoja ana ruhusa ya kuuliza mara tatu.
Ukiuliza ya nne, vyombo ni vyako.
Nimeosha vyombo tangu Novemba.

Jumamosi ni shule, juu ya duka la vitambaa,
herufi moja mara hamsini, mgongo wima,
na Tobia huumwa tumbo saa tatu kasoro robo,
kila Jumamosi, saa tatu kasoro robo;
sijapata kuona tumbo lenye saa kama lile.
Ijumaa tumbo ni zima. Ijumaa hula bisi
na kumng'ata dada yake bega
towashi mwenye kidani akitokea mlangoni.

Siku moja nilijitutumua mezani
nikaomba, kwa Kichina, niongezewe supu.
Sauti ikapanda pale ilipopaswa kutulia.
Yilan akainuka, akarudi na bakuli la sukari,
uso mkavu kama wa karani wa forodha.
"Umeomba sukari, Baba. Sukari hiyo."

Usiku ule, taa imezimwa, Peizhen aliniambia:
"Hiki si Kichina cha mama yangu, wajua?
Chetu cha Wenzhou, ukivuka kilima kimoja tu
wenzako wanakutumbulia macho.
Hiki cha runinga nilikipata shuleni, kwa ufito.
Wanangu nawapa cha kukopa.
Changu nimekibana kwapani."
Sikuwa na jibu. Nje, Prato ilikuwa ikinyeshewa,
na mtu alikuwa akishusha mabunda ya vitambaa
akihesabu kwa sauti, sijui kwa lugha gani.

Kisha Jumapili ile.
Simu imeegemezwa chupa ya mafuta ya zeituni,
Bibi ndani yake, paji la uso na nusu ya pua,
anauliza alichouliza miaka minne:
umekula? Na Tobia anajibu alichojibu miaka minne:
ndiyo. Mkono wake ukagonga gilasi.

Vigae hadi chini ya friji.
Mtoto hakutazama vigae.
Alipiga magoti, kipaji sakafuni,
akatamka kwa Kichina cha ikulu,
cha watu waliokufa na misuko yao:
"Mtumishi huyu anastahili kufa mara elfu kumi!"

Kimya.
Peizhen kajiziba mdomo kwa viganja viwili.
Simu ikatikisika; paji la uso likapotea,
ikaonekana dari, halafu shingo,
halafu Bibi mzima, wima,
shali kaitupia begani kama joho.
Akaiweka kando lahaja yake,
akakitafuta kile cha runinga, neno baada ya neno,
kwa lafudhi nzito kama unga wenye maji kidogo:
"Inuka. Kosa limesamehewa.
Ila uangalie vidole vyako, mjinga wewe."

Nilielewa yote. Sikuuliza hata mara moja.
Nikaenda kufuata ufagio
nikiutaja kwa Kichina, kwa sauti, kwa majivuno.

Yilan akanisahihisha.