Sekunde Kumi na Nne

Hapa Oulu, mwezi wa kwanza, jua huchungulia saa nne na ushei
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kazi yangu ni vichwa.
Navivika kofia ya nyaya thelathini na mbili,
natia jeli tundu baada ya tundu,
nachambua nywele kama atafutaye chawa,
mpaka vitaa viache wekundu, vigeuke kijani.

"Baridi," akasema Kauko Rantala. Hakuongeza neno.
Miaka thelathini na minane kwenye mashine za karatasi,
sikio la kushoto limekufa.
Aliona tangazo maktabani,
na chini yake, kwa herufi nene, vocha ya duka la vyakula.

Mchezo ni huu: unamwongoza farasi juu ya ziwa lililoganda.
Dakika ya sita barafu inapasuka, dude linaibuka, meno matupu.
Hapo vijana wote hurukia migongo ya viti,
mawimbi yao yakafura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Kauko alilitazama dude
kama mtu amtazamavyo msimamizi mpya wa zamu.
Mstari wake ulilala.

Dakika ya tisa hakuna kitu.
Farasi anasimama kwenye tundu la barafu, anakunywa.
Basi.
Waliotengeneza mchezo waliiweka
ili mashine ipate nafasi ya kupakia hatua inayofuata.

Farasi akashusha shingo. Mvuke ukamtoka puani.
Na waya mbili za juu ya nyusi zikaanza:
mlima, mlima, mlima,
mirefu, myembamba, bila bonde la kupumzikia.

Profesa Hillevi akainama begani kwangu.
"Macho hayo. Anapepesa. Ni kelele, kata."

Sibishi. Umeme wa jicho hufunika umeme wa ubongo;
kanuni niliiandika mimi mwenyewe ukutani.
Nikakata sekunde kumi na nne.
Kushoto kukashikana na kulia,
hata mshono huuoni.

Lakini nilikuwa karibu na kioo.
Alipepesa, ndiyo,
jinsi apepesavyo mtu aliyebeba beseni limejaa
na mlango uko mbali.

Farasi yule alikuwa wa nani?
Wa baba? Wa msituni, wa kuvuta magogo?
Fomu haina kisanduku cha hilo.
Fomu huuliza: *Ulihisi nini, moja hadi tisa?*
Alizungushia tano. Tano. Tano. Tano mpaka chini.

Kwenye sinki alikataa maji ya moto.
Akajikausha kwa taulo letu lililopauka,
akauliza, akinielekezea sikio zima:
"Nimeshinda?"

Mchezo ule hauna mshindi.
Ila alishinda nasi, tangu kulipokucha mpaka giza la saa nane,
na nilikuwa nimeshika fomu yenye tano zote zile.
"Umeshinda," nikamwambia.

Akavaa kofia yake ya sufu juu ya nywele mbichi,
akatoka kwenye nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Vocha aliisahau mezani.

Faili namba kumi na saba.
Profesa anasema hajapata kuona safi kama hilo.